Akiba ya Mshono wa Nyuma

Mtaani walimwita Sentimita, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alikuwa fundi wa suti, mtu ambaye pindo la mguu wa kushoto likizidi la kulia kwa unene wa kucha, hakuli akashiba mpaka amelifumua. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati, meza ya kukatia mbele, cherehani mbili nyuma, na kioo kirefu kilichotegemezwa kwa kipande cha mbao. Baba yake alikuwa fundi, babu yake alikuwa fundi, na kati ya watu hao watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kumkabidhi mteja nguo yenye uzi unaoning'inia.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa mkono, ilikuwa ulimi. Mafundi wengine wakipima mtu hutangaza namba kama wanadi mnada, na wote walioketi kwenye benchi wakakijua kiuno cha mwenzao. Sentimita hakuwahi kutaja kiuno cha mtu kwa sauti. Alizungusha tepu, akatazama, akaivuta, akasema, "Safi." Mteja aliyerudi na suruali iliyokataa kufunga hakuambiwa kwamba amenenepa. Aliambiwa, "Kitambaa hiki hurudi kidogo kikifuliwa, mzee wangu. Niachie mpaka jioni." Tangu siku ya kwanza fundi alikuwa amemwekea akiba: kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, kimekunjwa ndani ya mshono wa nyuma. Alifumua, akatoa akiba kidogo, akashona upya na kupiga pasi. Mteja akaenda zake akiamini tumbo lake liko palepale. Waheshimiwa walimpenda kwa adabu hiyo kuliko kwa suti zenyewe.

Basi, kinyozi hajinyoi. Suruali zake mwenyewe zilipoanza kumbana, Sentimita alizifumua moja moja, akatoa akiba, akashona. Zilipombana tena, akatoa tena. Akiba ilipokwisha, alichomeka kipande cha pembetatu nyuma, chini ya mkanda, kwa ustadi ambao hata fundi mwenzake asingeugundua. Watu wengine huambiwa na nguo zao. Zake hazikumwambia neno, maana alizifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyesema ni jirani yake, fundi viatu wa mlango wa pili, mtani wake wa siku nyingi.

"Sentimita, hicho kitambi umekikatia leseni?"

"Hii ni afya. Wewe uliyekauka kama kamba ya kiatu utaijulia wapi?"

"Afya inayotangulia kuingia mlangoni, mwenye afya akafuata baadaye!"

Walicheka, na siku ikapita.

Siku ya kuacha kucheka haijulikani. Nguo za kununuliwa tayari zilijaa madukani, wateja wakapungua, na fundi akawa na muda mrefu wa kukaa. Akakaa. Alikunywa soda bila kiu na kula mkate bila njaa, kwa kuwa mdomo ulikuwa kiungo pekee kilichokosa uvivu. Alilala mapema na kuamka amechoka kama mtu aliyebeba mizigo. Utani wa fundi viatu aliujibu kwa mkono tu, kama anayefukuza nzi.

Na katika majira hayo ndipo koti la binti yake lilipofika mezani.

Binti huyo, kitinda mimba, tangu hajaota meno ya mbele alikuwa habishwi akakubali. Akiambiwa aende kulala huuliza kosa lake ni lipi na shahidi ni nani. Nyumbani wakamwita Wakili. Baba yake alimwahidi, mtoto akiwa bado anachezea vitambaa vya mabaki chini ya meza, "Siku utakayoapishwa uwakili kweli, koti lako jeusi nitalikata mimi." Mtoto akasoma, akafaulu, na tarehe ya kuapishwa ikatangazwa. Sentimita akanunua sufu nyeusi laini, akaitandaza mezani, akachukua chaki.

Hakukata. Kila asubuhi alikitandaza kitambaa, akachora bega, akalitazama bega lile, akalifuta kwa brashi. Jioni alikikunja. Mkono ulijua njia, ila mwenye mkono hakuona sababu ya kwenda. Binti alipopita kujaribu, alikuta kitambaa kizima kama kilivyotoka dukani.

"Baba, hata mkono mmoja bado?"

"Kesho, mwanangu."

Kesho hiyo ikawa na watoto na wajukuu.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alizoea watoto wanaosema tumbo linauma wakati kinachouma ni kingine. Mumewe alipolalamika uzito chini ya mbavu za kulia, alimpeleka kliniki bila mjadala. Alichukuliwa damu, akalazwa kitandani akapigwa altrasaundi, na mpigaji picha akasema bila kuondoa macho kwenye skrini, "Ini lako limejaa mafuta, mzee. Utarudi umwone daktari akueleze."

Sentimita alisikia neno moja tu: ini.

Habari ilimfikia Dada Mkubwa kabla jua halijatua. Huyu alikuwa dada wa kwanza wa Sentimita, katibu wa shule aliyestaafu, mwanamke mnyoofu kama rula. Alikaa sebuleni bila kuegemea kiti.

"Ini? Na mtaani ini lina maana gani?"

"Dada, mimi sijawahi kuonja pombe."

"Mimi najua. Mama yetu kaburini anajua. Mtaa unajua? Wewe ukisema ini, wao watasikia chupa. Baba yetu alishona suti za watu wa heshima hapa na hakuna aliyewahi kumnusa pombe. Leo mwanawe awe mlevi wa kusingiziwa, mwaka ambao binti yake anaapishwa?"

"Sasa niseme nini?"

"Mgongo," alisema Dada Mkubwa, mara moja, kama aliyekuja nalo ndani ya mkoba. "Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Humpata mtu anayefanya kazi."

Ikawa mgongo. Na tusimlaumu mama wa watu, maana jina jema ni kama nguo nyeupe, anayeifua ndiye anayejua taabu yake. Ila uongo ule ulikuwa na huruma kuliko ukweli, na kwa huruma yake ukamkalisha fundi kabisa. Fundi viatu, aliposikia kuhusu mgongo, alibeba peke yake kochi kubwa la nyumbani kwao, ng'ambo ya pili, akalivusha barabara, akaliweka nyuma ya cherehani na mito miwili juu. Wateja walimwambia, "Usiinuke, fundi, tutajipima wenyewe." Majirani walileta vyakula vilivyofunikwa, tena vya kushibisha, kwa kuwa mgonjwa hapelekewi kidogo. Wakamkataza kuinama, wakamkataza kubeba, wakamkataza kwenda kununua uzi. Hata njia fupi ya kwenda dukani, iliyokuwa safari yake pekee, akanyang'anywa kwa upendo.

Akazama kwenye kochi lile. Tumbo likakua, moyo ukasinyaa. Na kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa na jina la uongo, hakuwa na mtu wa kumwambia ule wa kweli.

Jioni moja Wakili alikuja, akakiona kitambaa kimekunjwa, akapiga magoti kando ya kochi.

"Baba, usijitese. Mgongo si mchezo. Nimeona koti dukani, si baya. Nitanunua."

"Sawa," akasema Sentimita.

Mkewe alikuwa mlangoni. Neno hilo lilimwingia kama sindano. Huyu ni mtu aliyewahi kutoka kwenye harusi ya watu kwa sababu hakuweza kustahimili jinsi mkono wa koti la bwana harusi ulivyobandikwa. Leo anaambiwa mwanawe ataapishwa na koti la kuning'inizwa dukani, anasema sawa! Asubuhi mkewe alimtolea viatu.

"Baba Wakili, vaa. Tunarudi kliniki kumwona daktari."

"Dada amesema..."

"Dada ni wifi yangu na namheshimu. Lakini halali chumba kimoja na wewe."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba shingoni. Alisoma majibu, akamwuliza kama anakunywa pombe.

"Sinywi. Sijawahi."

"Nakuamini. Mafuta kwenye ini hayamhitaji mtu awe mlevi. Simama nikupime."

Akatoa tepu. Sentimita alisimama kama mshtakiwa. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili wa tepu. Macho yake ya fundi yaliona kwamba daktari ameipitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, haikupinda mgongoni, haikubana wala kulegea. Alimsubiri aseme "safi". Daktari akasoma kwa sauti, kwa utulivu, kama anayesoma saa ukutani.

"Mia moja na kumi na sita."

Sentimita alihisi masikio yanawaka moto. Halafu, ajabu, alihisi pia kama mtu aliyeshikilia pumzi muda mrefu akaruhusiwa kuitoa.

"Na moyo?" Daktari alikaa. "Asubuhi unaamkaje?"

"Namshukuru Mungu."

"Mungu tunamshukuru sote. Nakuuliza wewe."

Mkewe akasema taratibu, "Mwambie habari ya koti."

Alianza na koti. Akaeleza bega analolichora na kulifuta. Maneno yakaanza kutoka kama uzi unaofumuka, ukivuta kidogo unakuja wote: kwamba chakula hakina ladha na bado anakula, kwamba utani haumchekeshi, kwamba anapolala huwa anatamani asubuhi isije. Daktari alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Alisema hapana, ila kuna siku aliona haingekuwa na tofauti kama asingeamka. Mkewe akamshika mkono na hakuuachia.

"Hiyo inaitwa sonona," daktari alisema. "Ni ugonjwa, na unatibika. Sasa nisikilize. Mafuta yako mengi hayako chini ya ngozi tu. Yako ndani, yamezunguka matumbo, na ini nalo limeyahifadhi. Mafuta ya mahali hapo hayakai kimya. Huuchokoza mwili ukawa kama unaungua moto mdogo ambao mtu hauoni, anaona uchovu tu. Wagonjwa wa aina yako, wenye ini la mafuta na kitambi, tunawakuta na sonona mara nyingi kuliko watu wengine. Siwezi kukuapia kwamba hiki ndicho kilichozaa kile. Mwenye huzuni hukaa, hula ovyo, halali vizuri, na tumbo linakua. Tumbo likikua anachoka, anajichukia, na huzuni inakua."

Sentimita aliinua uso.

"Ni kama cherehani," alisema.

"Cherehani siijui, fundi. Nifundishe."

"Uzi mmoja unashuka na sindano. Mwingine unatoka chini, kwenye bobini. Zinakutana katikati ya kitambaa. Ukikaza wa juu, unauvuta wa chini, mshono unajikunja. Mjinga huhangaika na wa juu peke yake."

"Na wewe huwa unaanza na upi?"

Alifikiri. Ilikuwa muda mrefu hajafikiri jambo kwa hamu. "Unalegeza huu kidogo, unajaribu kwenye kitambaa chakavu. Unalegeza na ule kidogo. Haraka haifai, utakata uzi."

"Basi umeshaniandikia matibabu," daktari akasema, akacheka. Akampangia kuonana na mshauri wa hapo kliniki, azungumze naye kila wiki, na akamwambia kwamba dawa za sonona zipo, zikihitajika atapewa bila haya. Soda ikome, maji yashike nafasi yake. Sahani ipunguzwe wanga, iongezwe mboga. Na miguu ifanye kazi kila siku. "Ini ni kiungo chenye shukrani. Ukilipunguzia mzigo kidogo tu, linaanza kujisafisha."

"Na mgongo?" Sentimita akauliza, kwa aibu.

"Mgongo gani?"

Mkewe akaangalia dirishani.

Kesho yake fundi alianza na kochi. Alimwita fundi viatu, wakasimama wawili kulitazama.

"Lirudi kwenu. Sina mgongo."

"Umepona lini?"

"Haukuwahi kuuma. Ni ini, lina mafuta. Si pombe. Na moyo nao ulikuwa mgonjwa. Tuliona aibu."

Fundi viatu aliigeuza nyundo yake mkononi. Halafu akasema polepole, "Kwa hiyo mimi nimelibeba kochi hili peke yangu, kiuno changu kikalia 'ka', kwa ajili ya mgongo wako mzima?"

Sentimita alifungua mdomo kuomba radhi. Kilichotoka kilikuwa kicheko, cha kukwaruza mwanzoni, kama mlango uliokaa bila mafuta, kisha kikafunguka chote mpaka akashika meza. Mtani wake naye akaangua. Kochi lilivushwa barabara na watu wawili wakipumzika kila hatua kucheka.

"Kuanzia kesho tunatembea asubuhi," fundi viatu alisema, akijifuta machozi. "Mimi viatu vyako navijua, soli zimekaa mpya kama za maiti."

Wakatembea. Mwanzoni Sentimita alifika kona akageuka, ana jasho, ana hasira na kona. Siku nyingine hakutaka kutoka kitandani, na mtani alisimama dirishani akiimba vibaya makusudi mpaka akatoka kumnyamazisha. Kwa mshauri nako, alikaa mara ya kwanza akieleza aina za vitambaa, na mshauri, kijana mpole, akamsikiliza. Mara iliyofuata wakafika kwenye huzuni.

Dada Mkubwa alipata habari, akaja dukani mkoba umebanwa kwapani. Mteja mmoja, mama anayesubiri sketi, alikuwa kwenye benchi. Dada alishusha sauti, ila kwa sauti ile ya kushushwa ambayo husikika mpaka nje.

"Umemwambia fundi viatu? Ungetangaza redioni ingekuwa siri zaidi!"

Sentimita aliichukua tepu shingoni, akamkabidhi. "Dada, nipime."

"Nikupime nini?"

"Kiuno. Usome kwa sauti."

Wao ni watoto wa fundi, wote wawili walishika tepu kabla ya kalamu. Dada Mkubwa, kwa mazoea tu, aliizungusha. Ili aipitishe nyuma ilibidi amkumbatie mdogo wake, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu msiba wa mama yao. Katika kukumbatia huko Sentimita alimwambia sikioni, "Dada, zile siku za mgongo sikuwa mvivu. Nilikuwa nalala natamani asubuhi isije."

Mikono ya Dada ilisimama pale nyuma. Ilikaa hapo muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Kisha alirudi mbele, akavaa miwani, akasoma. "Mia moja na kumi na mbili." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kabla ilikuwa ngapi?"

"Mia moja na kumi na sita."

Yule mama wa sketi, kwa wema wake, akaingilia, "Na mgongo, fundi? Unaendeleaje?"

Dada Mkubwa aligeuka, mnyoofu, kidevu juu.

"Si mgongo, mama. Ni mafuta kwenye ini. Na mdogo wangu hajaonja hata kifuniko cha chupa, asiyeamini na aniulize mimi. Hata moyo wake ulichoka, na anatibiwa kwa wataalamu, waziwazi. Katika ukoo wetu tukiugua tunatibiwa."

"Makubwa!" alisema yule mama. Akasogea karibu. "Na hiyo kliniki iko wapi? Mume wangu tumbo lile lile, na siku hizi haongei."

Baada ya hapo Sentimita aliinua meza ya kukatia kwa matofali manne, kila mguu moja, ili akate amesimama. Akaitandaza sufu nyeusi. Akachora bega, na mkono wake ukaenda kwenye brashi ya kufutia kama ulivyozoea. Akaisukuma brashi ikaanguka upande wa pili wa meza. Akachukua mkasi. Kitambaa kizuri kikikatwa na mkasi mkali hutoa sauti kama mtu anayevuta pumzi, na sauti hiyo mkewe, aliyekuwa amesimama nje na vyombo vya mboga mkononi, aliisikia. Hakuingia. Alingoja mpaka bega lote likakatwa.

Haikuwa kazi ya kumaliza kwa furaha moja. Kulikuwa na siku mbili alizokaa tu, akamwambia mkewe, "Leo uzi umekaza," na mkewe akaelewa, wakaacha koti wakatoka kutembea. Lakini kola ikakaa, bitana ikaingia, mikono ikabandikwa na ikaning'inia bila kukunja hata mara moja.

Wakili alikuja kulivaa siku moja kabla ya kuapishwa. Alisimama mbele ya kioo, akainua mikono, akaigeuza, akatafuta la kubishia. Mara ya kwanza maishani mwake hakupata.

Sentimita alikuwa amevaa suruali yake ya kijivu. Alikuwa ameifumua wiki ile, akatoa kile kipande cha pembetatu, akarudisha mshono hatua moja ndani. Mstari wa matundu ya mshono wa zamani ulibaki ukionekana nyuma, na fundi yule asiyesamehe uzi unaoning'inia hakuuficha.

Binti alipapasa ndani ya koti, nyuma, akakikuta kitambaa kilichokunjwa.

"Baba, umeniwekea akiba?"

"Nimekuwekea. Maisha ni marefu." Aliondoa kipande cha uzi begani mwake. "Ila ikifika siku ya kuifumua, usiifumue kimyakimya. Njoo uniambie."